Goti Lako Lasema Nini?

Jua latua katika kijiji kimoja cha Usukuma. Ng'ombe warudi zizini, moshi wapanda juu ya nyumba, na binti mdogo aja na ndoo ya maji kichwani. Amkuta bibi yake amekaa mlangoni. Binti atua ndoo yake, apiga magoti, ainamisha kichwa na kusema kwa sauti ya chini: “Mwadila.” Bibi amwitikia, amwuliza habari za mama, za baba, za wadogo zake na za ng'ombe. Ndipo binti ainuka, ajitwika ndoo yake na kwenda zake jikoni.

Hakuna mwalimu aliyemfundisha jambo hilo kwa kitabu. Alimwona mama yake akifanya, na mama naye alimwona wake.

Sasa tumfuate binti huyo huyo siku ya Jumapili. Aingia kanisani nyuma ya wazazi wake. Baba atangulia, kofia mkononi. Anapofika penye benchi, akunja mguu kidogo, haraka haraka, kama kuku anayedonoa punje ya mtama, kisha aketi. Goti halikufika sakafuni. Halikufika hata nusu ya safari. Mama afanya vivyo hivyo. Binti awatazama wote wawili, naye ajifunza.

Basi, wasomaji wapenzi, tujiulize wenyewe kabla ya kumwuliza mtoto. Kwa nini bibi mlangoni apewe magoti mawili mazima, na Bwana wa mbingu na nchi, aliyemo ndani ya Tabernakulo, apewe nusu ya goti moja?

MWILI NAO WASALI

Wako wasemao: “Mungu atazama moyo. Goti ni jambo la nje tu.” Neno hilo lina ukweli ndani yake, lakini halikutimia. Mungu hakutuumba roho tupu. Alitupa mikono, shingo, mgongo na magoti, na vyote hivyo ni vyake. Mtu mwenye furaha acheka. Mwenye huzuni ainama. Mwenye hasira akunja ngumi. Moyo usiojionyesha kamwe katika mwili ni kama moto usio na moshi wala joto: watu wana haki ya kuuliza kama upo.

Wazee wetu walijua hayo kabla ya kusikia Injili. Nao wamisionari wenye busara waliona kwamba heshima hiyo ya Kiafrika ni udongo mzuri wa kupandia. Kule Bujora, karibu na Kisesa katika nchi ya Mwanza, Padre David Clement wa Shirika la Mapadre Weupe aliwasaidia Wakristo kujenga kanisa la mviringo kwa mfano wa nyumba ya mtemi. Maana yake ni wazi: aliyemo humu ni Mtemi kuliko watemi wote. Na hata leo, karibu na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, Wasukuma hukusanyika huko kwa ngoma za Bulabo. Jina hilo latokana na maua, kwa kuwa maua hutumika kuipamba njia ya Sakramenti Kuu. Basi Msukuma Mkristo hakosi namna ya kumheshimu Mungu kwa mwili wake. Akikosa kitu, ni kukumbuka tu.

TUTAZAME WAPITAO NJIA NYINGINE

Mara nyingine mtu huliona jambo lake vizuri akitazama la jirani. Twende basi mbali kidogo, mpaka Dar es Salaam.

Katika mtaa wa Upanga lipo hekalu la watu wa dini ya Buddha. Mwanzo wake ni watu wa kisiwa cha Ceylon, ambacho siku hizi huitwa Sri Lanka, waliofika Tanganyika kufanya kazi miaka 100 hivi iliyopita. Walikuwa wachache, mbali na kwao, lakini walijitafutia mahali pa kusali. Tena walipanda hapo mti wa ukoo mmoja na ule ambao Buddha, kwa masimulizi yao, alikaa chini yake alipopata mwanga wa akili.

Buddha huyo alikuwa mwana wa mtawala katika nchi zilizo leo kati ya Nepal na Uhindi, miaka 2500 hivi iliyopita. Aliacha nyumba ya baba yake na utajiri wake wote, akatafuta sababu ya mateso ya wanadamu. Wabuddha hawasemi kwamba yeye ni Mungu Muumba. Wao humwita mwalimu.

Tazama sasa jinsi Mbuddha wa Sri Lanka anavyoingia mahali pake patakatifu. Kwanza avua viatu nje, na kofia pia. Mara nyingi huwa amevaa nguo nyeupe, safi. Mkononi ana maua, au taa ndogo ya mafuta, au ubani. Ayaweka maua yake mbele ya sanamu ya mwalimu wake, akikumbuka kwamba kama yatakavyonyauka kesho, ndivyo na mwili wake utakavyonyauka.

Kisha aunganisha viganja vyake viwili mbele ya kifua, avipandisha mpaka penye paji la uso. Apiga magoti na kukaa juu ya visigino. Ainama mbele taratibu, mpaka viganja na viwiko vya mikono vilale chini, na paji la uso liguse sakafu. Hivyo sehemu tano za mwili zagusa ardhi: magoti mawili, mikono miwili, na paji la uso. Akaa hapo kitambo, kisha ainuka. Afanya hivyo mara 3. Mara ya kwanza kwa ajili ya Buddha, mara ya pili kwa ajili ya mafundisho yake, na mara ya tatu kwa ajili ya jamii ya watawa wake.

Hakimbii, wala hatazami nyuma kuona ni nani ameingia. Akikaa chini, hukunja miguu yake pembeni ili nyayo zisielekee mbele, kwani kwao kumwelekezea mtu nyayo ni kumdharau. Huko Tibet wako wanaojilaza kifudifudi mwili mzima, wanainuka, wanasogea hatua chache, wanajilaza tena, na kufanya hija ya siku nyingi kwa namna hiyo. Huko Japani wengi huunganisha viganja na kuinama kiuno.

Ukiwauliza kwa nini wainama, jibu lao kubwa ni hili: kuvunja kiburi. Kichwa ni sehemu ya juu ya mtu, na miguu ni sehemu ya chini. Anayeshusha kichwa chake mpaka chini akubali kwamba yeye si mkubwa.

TUJIFUNZE NINI?

Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika Tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965 juu ya dini zisizo za Kikristo, uliitaja dini ya Buddha kwa jina. Ulitufundisha kwamba Kanisa halikatai chochote kilicho cha kweli na kitakatifu katika dini hizo. Basi tusiwacheke watu wanaoinama tofauti na sisi. Kumcheka mtu anayesali ni ushamba wa moyo.

Lakini pia tusichanganye mambo. Sisi twamwinamia Mungu aliye hai, aliyetuumba na kutukomboa, tena aliye mbele yetu kweli katika Sakramenti. Mbuddha ainama kwa kumshukuru mwalimu aliyekufa zamani na kwa kuishinda nafsi yake. Hizo ni imani mbili. Hatuchukui moja na kuitia ndani ya nyingine kama mtu anayechanganya maziwa na maji ili debe lijae.

Tunachoweza kuchukua ni aibu njema. Ikiwa mtu asiyemjua Kristo ashusha paji lake mpaka sakafuni, taratibu, mara 3, kwa heshima ya mwalimu, mimi niliyebatizwa nitasemaje juu ya goti langu lililoishia hewani?

HESHIMA AU IBADA?

Hapa latokea swali ambalo zamani lisingeulizwa sana katika vijiji vyetu. Siku hizi laweza kugonga mlango wa nyumba yoyote.

Nchi yetu ya dhahabu imepokea wageni wengi. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Makampuni ya Kichina yalijenga daraja refu la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, na vijana wetu walifanya kazi pamoja nao. Si kila Mchina ni Mbuddha. Wengi hawana dini, na wengine ni Wakatoliki kama sisi. Lakini watu wa desturi nyingi sasa wala ugali katika meza moja.

Tuchukue mfano. Kijana wa kigango fulani ameajiriwa na wageni. Siku moja fundi mkuu wao afariki. Wenzake waweka picha yake mezani, waweka maua na ubani, na kila mmoja apita mbele ya picha na kuinama mara 3, kama ilivyo desturi katika misiba ya Kichina. Zamu ya kijana wetu yafika. Afanye nini? Akiinama, je, ameikana dini yake? Akikataa, je, hakumdharau marehemu aliyemfundisha kazi?

Jioni amsimulia mama yake. Mama ashika kichwa: “Mwanangu, umesujudia sanamu!”

Mama huyo ana moyo mwema, lakini asiharakishe kuhukumu. Swali hilo hilo lilisumbua Kanisa zima kwa muda mrefu. Wajesuiti wa kwanza waliokwenda China, na mkubwa wao Padre Matteo Ricci aliyefariki Beijing mwaka 1610, waliona kwamba Wachina huwainamia wazazi wao walio hai, na hata wakiisha kufa huinama mbele ya vibao vyenye majina yao. Padre Ricci alifikiri ni heshima ya watoto kwa wazazi. Wamisionari wengine walifikiri ni ibada kwa wafu. Ubishi ukawa mkali. Baba Mtakatifu Klementi wa XI alikataza desturi hizo mwaka 1715, na Benedikto wa XIV akakaza katazo hilo mwaka 1742. Mfalme wa China alikasirika sana, na mahubiri ya Injili yakazuiliwa katika nchi yake.

Miaka karibu 200 ilipita. Kisha tarehe 8 Desemba 1939, chini ya Baba Mtakatifu Pius wa XII, Roma ilitoa agizo jipya. Ilisema kwamba kuinamisha kichwa na kutoa alama nyingine za heshima ya kiraia mbele ya wafu, au picha zao, au vibao vyenye majina yao, ni jambo halali na jema. Imani haikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni hali ya desturi yenyewe pamoja na ufahamu wetu: ilionekana wazi kwamba watu walikuwa wakitoa heshima, na ibada hawakuitoa.

Maandiko Matakatifu nayo yatupa mwanga. Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 23, Abrahamu alifiwa na mkewe Sara. Aliwaendea wenyeji wa nchi kununua kaburi, naye akainama mbele yao. Walikuwa watu wa dini nyingine, na Abrahamu ni baba wa waamini wote. Aliwaheshimu tu, kama mgeni mwenye adabu. Lakini katika Kitabu cha Esta, Mordekai alikataa kumwinamia Hamani, kwa kuwa heshima aliyoidai mtu yule ilimpasa Mungu peke yake. Mmoja aliinama, mwingine alikataa, na wote wawili walifanya vema.

Basi kanuni ni hii, nayo yatosha kwa mkulima na kwa msomi. Kabla hujainama, jiulize mambo mawili. Je, ninamheshimu kiumbe, au ninamwabudu kama Mungu? Je, wanaonitazama wataelewa nini? Kumwinamia marehemu aliyekuwa mkubwa wako wa kazi, kumpigia magoti bibi yako, kumwinamia mzee wa kijiji: hiyo ni heshima, wala haina dhambi. Kutoa sadaka kwa miungu mingine, kusali sala za imani nyingine kana kwamba ni zako, au kutafuta nguvu kwa mizimu: hapo umevuka mpaka. Ukialikwa hekaluni kama mgeni, vua viatu, nyamaza, simama kwa adabu, mwinamishie kichwa mwenyeji wako. Hulazimiki kusujudu anaposujudu yeye, na mwenyeji mwema hatakulazimisha. Ukiwa na shaka, mwulize padre wako.

Kanuni hiyo hiyo yatufaa tunapoulizwa na majirani zetu wa madhehebu mengine: “Mbona ninyi Wakatoliki mwainamia sanamu?” Mtaguso wa pili wa Nisea, mwaka 787, ulikwisha kujibu. Heshima inayotolewa kwa picha yapita na kumfikia yule aliyechorwa. Na ibada ya kweli ni ya Mungu tu. Twamheshimu Mama Bikira Maria, hatumwabudu.

GOTI MBELE YA DHAHABU

Wasomaji wapenzi, tusimwogope Mbuddha wa Upanga. Hatari yetu iko karibu zaidi, nayo haina ubani wala maua.

Katika Kitabu cha Danieli, sura ya 3, mfalme Nebukadneza alisimamisha sanamu ya dhahabu, akawaamuru watu wote waisujudie zitakapolia tarumbeta. Vijana watatu, Shadraka, Meshaki na Abednego, walikataa, wakatupwa katika tanuru ya moto. Sisi wa Geita, Kahama na Shinyanga tungepaswa kuisoma sura hiyo mara nyingi kuliko watu wengine, maana dhahabu iko chini ya miguu yetu.

Dhahabu si dhambi. Mungu aliiumba, na mchimbaji mwenye jasho astahili ujira wake. Lakini mtu akishindwa kupata mawe mazuri mwezi mmoja, miwili, mitatu, husikia sauti ya kumwambia aende kwa mganga. Huenda usiku. Huvua viatu mlangoni, hupiga magoti, huinamisha kichwa, na kungoja neno. Tazama: adabu yote aliyoikosa kanisani ameipeleka huko! Goti la Jumapili halikugusa sakafu, na goti la Jumanne usiku limezama katika vumbi.

Nasi twajua matunda yake. Tangu miaka ya 2007 na 2008 nchi yetu ya Kanda ya Ziwa ilitajwa duniani kote kwa aibu, kwa sababu watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo ili wengine wapate utajiri wa migodi na wa ziwa. Januari 2009 Serikali iliwafutia waganga leseni zao. Septemba mwaka huo huo, Mahakama Kuu ilipoketi Kahama, iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumwua mvulana mwenye ualbino. Na Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Mtoto aliyeumbwa kwa sura ya Mungu aliwekwa chini ya kisu, kwa sababu mtu mzima alipiga goti mahali pasipofaa. Vikongwe wetu wenye macho mekundu ya moshi wa jikoni nao waliuawa kwa kuitwa wachawi, baada ya mpiga ramli kutamka jina.

Basi asiseme mtu kwamba goti ni jambo dogo. Mtu hufanana na kile anachokiinamia.

SIKU ILE YA GEITA

Tukumbuke tena jambo lililotuliza machozi. Usiku wa kuamkia Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, tarehe 26 Februari 2023, mtu mmoja aliingia kwa nguvu katika Kanisa Kuu la Jimbo la Geita na kuharibu vitu vitakatifu. Askofu Flavian Kassala alilifunga kanisa hilo. Likabaki limefungwa mpaka tarehe 18 Machi, waamini wakafanya sala za malipizi, kisha likafunguliwa tena kwa ibada.

Kwa nini kulifunga? Si kwa kukosa fundi wa kutengeneza kilichovunjika. Kanisa lilitaka kutufundisha kwamba mahali palipowekwa wakfu kwa Mungu pakidharauliwa, jamaa yote imejeruhiwa, na jeraha hilo huponywa kwa toba. Wakristo walilia. Walikuwa na haki ya kulia.

Lakini baada ya machozi, kila mtu na ajitazame. Yule aliyevunja alifanya kwa usiku mmoja. Sisi je, tunaoingia kila Jumapili tukiongea juu ya bei ya pamba, simu zikilia mfukoni, miguu juu ya benchi la mbele? Hatukuvunja kitu. Hata hivyo hatukumsalimu Mwenye nyumba.

NAMNA INAVYOPASA

Haya basi ni mambo ambayo kila jamaa yafaa iyajue na kuyafundisha.

Ukiingia kanisani, chovya vidole katika maji ya baraka, ufanye ishara ya msalaba kwa mkono wa kuume, pole pole, toka paji mpaka kifuani, toka bega mpaka bega.

Tazama ilipo Tabernakulo. Taa yake ikiwaka, Bwana yumo. Simama wima, ushushe goti la kulia mpaka liguse sakafu karibu na kisigino cha mguu wa kushoto. Mgongo uwe umenyooka. Nyamaza kitambo kidogo na useme moyoni: “Bwana, nakuabudu.” Kisha inuka. Kazi hiyo haizidi muda wa kuvuta pumzi mbili.

Katika vigango vingi vyetu Sakramenti Kuu haikai, kwa kuwa padre huja mara chache. Hapo usipige goti. Inama kiuno mbele ya altare, kwa heshima kubwa. Altare ni mfano wa Kristo mwenyewe.

Sakramenti Kuu ikiwekwa wazi kwa kuabudiwa, wazee wetu walifundishwa kupiga magoti yote mawili na kuinama. Tangu kitabu cha ibada cha mwaka 1973, goti moja latosha, kama mbele ya Tabernakulo. Bibi yako akipiga yote mawili, usimcheke.

Katika Nasadiki, tunapotaja jinsi Mwana wa Mungu alivyojifanya mtu, sote twainama. Siku ya Noeli na siku ya Kupashwa Habari Bikira Maria, tarehe 25 Machi, twapiga goti kwa maneno hayo.

Wakati wa mageuzo twapiga magoti. Asiyeweza kwa ugonjwa, au kwa kuwa watu wamejaa mno, abaki amesimama, na padre anapopiga goti baada ya mageuzo, yeye ainame sana. Kabla ya kupokea Komunyo umesimama, toa alama ya heshima. Yafaa kuinamisha kichwa wakati wa mwenzako aliyetangulia kupokea.

Jina la Yesu likitajwa katika ibada, inamisha kichwa. Vivyo hivyo kwa majina ya Nafsi tatu za Mungu yakitajwa pamoja, kwa jina la Maria, na kwa jina la Mtakatifu wa siku hiyo. Mtume Paulo aliwaandikia Wafilipi kwamba kwa jina hilo la Yesu kila goti halina budi kupigwa, mbinguni, duniani na chini yake.

Msalaba twaupigia goti tangu ibada ya Ijumaa Kuu mpaka Kesha la Pasaka lianze. Siku nyingine huinamiwa kwa heshima.

Na mzee ambaye magoti yake yamechoka kwa jembe na kwa miaka? Na mama mjamzito? Hao wainamishe kichwa tu, wakiwa wamesimama au wamekaa. Mungu ayajua magoti hayo, maana ndiye aliyeyaona yakilima. Hakuna anayedaiwa kile asicho nacho.

MWALIMU WA KWANZA YUKO NYUMBANI

Katekista afundisha saa moja kwa juma. Baba na mama wafundisha siku saba. Mtoto hatakumbuka maneno uliyomwambia juu ya heshima. Atakumbuka kama kofia yako ilikuwa mkononi na kama goti lako lilifika chini.

Basi Jumapili ijayo, jamaa yote ifike kanisani dakika 5 kabla ya kengele. Baba na atangulie, asimame katikati ya njia bila haraka, na kushusha goti lake mpaka sakafuni. Mama afuate. Watoto watatazama. Jioni ya siku hiyo, mtoto akirudi kisimani na kumpigia bibi magoti, mwambieni: “Hivyo ndivyo. Na kanisani, kwa Yule aliyekupa bibi, ufanye zaidi.”

Msiseme zaidi ya hapo. Goti la baba limekwisha kusema mengine yote.